Mdogo wangu amelibadilisha gari la marehemu baba, sasa anataka kunipeleka nalo harusini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yetu alipofariki alituachia gari lake, saluni ndogo ya zamani aliyoinunua ikiwa imeshatumika na kuitunza kama mboni ya jicho. Mama haendeshi na mimi nina usafiri wa kazini, kwa hiyo tulikubaliana kifamilia kwamba mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 23, ndiye alitumie. Hatukuandikiana chochote. Kwenye hati za gari bado kuna jina la baba.

Leo hii ukiliona gari lile hutalitambua. Alianza na stika, nikanyamaza. Zikafuata rimu kubwa za mtumba, kisha tinti nyeusi aliyoibandika mwenyewe hadi ikabaki na mapovu. Akaleta spoila iliyotoka kwenye gari la aina nyingine kabisa, akaifunga kwa skrubu juu ya buti. Bampa ya mbele ni ya faiba na rangi yake haifanani na ya bodi. Taa amezitia balbu za mwanga wa buluu. Egzosi ameikata, silensa ameitoa, na rafiki yake anayejifunza kuchomelea akaunga bomba pana linaloishia mahali fulani chini ya gari. Mwisho kabisa akazitoa springi na kuzikata kwa grinda ili gari lishuke. Sasa likivuka tuta lolote linakwaruza tumbo. Usukani tu ndio hajaugusa, ni ule ule wa baba, umechubuka upande mmoja pale alipozoea kuweka mkono.

Gari linasikika kabla halijaonekana. Majirani wamekuja kwa mama kulalamika, hasa mmoja mwenye mtoto mchanga. Hata mimi nikipanda kiti cha nyuma kwa safari ndefu, tukifunga vioo kupunguza kelele, nashuka kichwa kinaniuma kwa ule mngurumo. Na siku alipokuwa akibadilisha tairi niliona upande wa ndani umelika mpaka nyuzi za waya zinaonekana, ilhali upande wa nje mpira bado mzuri. Nilipomwuliza akasema, “Dada, gari likishushwa ndivyo tairi zinavyokuwa.”

Mchumba wangu naye ni mpenzi wa magari, ila yeye na wenzake wako kwenye daraja lingine. Wanaagiza vifaa vyenye majina, wanafungiwa na mafundi wakubwa. Mmoja wao alilipiga picha gari la mdogo wangu likiwa limeegeshwa, akaiweka kwenye kundi lao la simu, na wakalicheka siku nzima. Waliandika kwamba watu wa aina hiyo wanaidhalilisha fani. Mchumba wangu hakuandika kitu, lakini nilipomwuliza akasema wenzake wana hoja. Picha hiyo ilimfikia mdogo wangu. Alijifungia chumbani, kisha akatoka akaendelea na gari lake na hakulizungumzia jambo hilo tena.

Harusi yetu iko karibu. Juzi mdogo wangu alinifuata jikoni akaniambia, “Dada, baba hayupo. Niache nikupeleke mimi, na gari lake.” Nilishindwa kumjibu. Mchumba wangu amesema waziwazi kwamba gari lile halitaingia kwenye msafara pamoja na magari ya wenzake. Mama anasema tu tuelewane wenyewe, na yeye anaendelea kupelekwa nalo kwenye shughuli zake.

Nimefikiria mambo matatu. Kumwambia, kama mkubwa wake, kwamba gari ni la familia na liuzwe tugawane. Au kumpa sharti kwamba alirudishe kama baba alivyoliacha ndipo nipande. Au kumdanganya kwamba upande wa bwana harusi umeshapanga magari yote. Kinachonizuia ni kwamba baada ya msiba kijana huyu alikuwa haongei, hali, hatoki. Aliporudi kucheka alikuwa yuko chini ya gari lile na wenzake wawili, wamepakaa grisi mpaka masikioni. Hana kazi ya kudumu na kila senti anayopata inaishia humo.

Nisaidie, Shangazi. Nikikataa naona namdhalilisha mdogo wangu. Nikikubali naona namdhalilisha baba.

Dada Mkubwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na hongera kwa harusi inayokuja. Najua ni vigumu kuyabeba hayo mawili kwa pamoja, na kwenye barua yako naona unayabeba kwa utulivu kuliko unavyojidhania.

Mume wangu ni fundi makenika na barua yako tumeisoma pamoja. Yeye aliishia kwenye sentensi moja, na kabla ya harusi, mchumba, urithi na mengine yote, nataka tuanze hapo. Umesema bomba la egzosi linaishia chini ya gari, na kwamba ukikaa kiti cha nyuma vioo vikiwa vimefungwa unashuka kichwa kinauma. Wewe umedhani ni kelele. Inawezekana ni kelele. Lakini moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na bomba lisilofika nyuma ya bampa, au lililochomelewa likabaki na upenyo, linaweza kuuingiza moshi huo ndani ya gari kupitia matundu ya sakafu, mipira ya milango iliyochoka au buti lisilofunga vizuri. Spoila iliyofungwa kwa skrubu nayo ina maana kuna matundu mapya kwenye buti. Dalili za mwanzo za gesi hiyo ndizo hizo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida. Ikizidi, inaua. Na anayepanda gari hilo mara kwa mara ni mama yenu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba mtu yeyote asipande gari hilo, mdogo wako akiwemo, mpaka bomba lirefushwe litokeze nje ya bodi na maungio yote yakaguliwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Kufungua vioo si dawa, kwa sababu gari likiwa kwenye mwendo hewa yenye moshi ya nyuma yake huweza kuvutwa ndani. Muulize mama kama naye huumwa kichwa akishuka. Muulize kwa upole, bila kumtisha. Na ninyi wawili mkipatwa tena na dalili hizo baada ya kupanda, nendeni hospitali mkaeleze mlikuwa ndani ya gari la namna gani.

La pili ni tairi. Nyuzi za waya zikionekana, tairi hiyo imekwisha na inaweza kupasuka wakati wowote. Mdogo wako amekwambia gari likishushwa ndivyo inavyokuwa, na ni kweli kwa kiasi fulani, ila hajamaliza kueleza. Gari likishuka, pembe za magurudumu hubadilika. Yanainamia ndani kwa juu, na mara nyingi pia yanaacha kuelekea mbele sawasawa, na hilo la mwisho ndilo linalokula tairi haraka. Baada ya kushusha gari ilipasa lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kurekebishwa pembe hizo za magurudumu. Kutokana na tairi ulizoziona, nadhani halikupelekwa.

Halafu zipo springi zenyewe. Springi ya kiwandani imepimwa iendane na shokapu yake. Ukikata mizunguko, inakuwa fupi na ngumu zaidi, lakini shokapu inabaki na urefu ule ule, hivyo inafanya kazi imejikunja karibu na mwisho wake. Gari likiingia shimoni shokapu inagonga mpira wa chini, na abiria wanalihisi pigo hilo kwenye uti wa mgongo. Kibaya zaidi ni pale gurudumu linapodondoka, kwa mfano ukivuka shimo kwa kasi. Springi fupi haina mkazo wa kutosha kuishikilia mahali pake, na inaweza kutoka kwenye kikalio. Mume wangu amewahi kuzikuta zimelala pembeni. Zipo springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya kushusha gari, na zipo springi za kawaida za mtumba kwa asiye na uwezo. Gari linaweza kuwa chini na likawa salama. Mwambie hivyo hivyo, maana nadhani anaogopa kwamba ukitaja usalama unataka kumnyang'anya lile umbo analolipenda.

Hayo matatu ndiyo ninayoyasemea kwa sauti kubwa. Balbu za buluu pia ziangaliwe, kwa sababu kama ni zile za gesi na zimewekwa kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni, mwanga unatawanyika na kumpofusha anayekuja mbele. Bima nayo ikumbukwe, kwa kuwa kampuni nyingi hutaka zijulishwe gari likibadilishwa na zisipojulishwa zinaweza kukataa kulipa, na gari lenu hata jina la mwenyewe halijabadilishwa.

Sasa tuje kwenye stika, tinti yenye mapovu, bampa ya rangi nyingine na hiyo spoila.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara naona mambo mawili yamefungwa kwenye kifurushi kimoja: gari linavyoonekana, na gari linavyoweza kudhuru. Waliolicheka kwenye kundi la simu wamecheka sura. Hakuna aliyesema, “Jamani, huyu kijana springi zake zimekatwa, mmoja wetu amshike mkono.” Na wewe pia, ukihesabu mistari, utaona sura umeieleza kwa urefu zaidi kuliko tairi. Sikulaumu. Sura ndiyo inayotangulia machoni. Ila ukienda kwa mdogo wako na kifurushi kizima atasikia kitu kimoja tu, kwamba gari lake ni baya na yeye ni aibu. Akisikia hivyo, hata la egzosi hatalisikia, na hilo ndilo hatuwezi kumudu alikose. Spoila ile, kwa mwendo wa mjini, haimwongezei wala kumpunguzia mtu chochote; mume wangu anasema zihakikiwe tu skrubu zisilegee ikaruka barabarani. Tinti yenye mapovu haijamuua mtu kwa kuwa na mapovu. Kama ni nyeusi kuliko sheria za barabarani za kwenu zinavyoruhusu, hilo ni suala la sheria. Ya ladha ni ya ladha.

Neno la wenzake mchumba wako limeniuma, eti gari la bei rahisi linaidhalilisha fani. Fani hiyo waliianzisha watu gani? Huko California, Marekani, katika miaka ya 1930, walikuwa vijana walionunua magari makuukuu ya Ford, wakang'oa madigadi ili yawe mepesi, wakachokonoa injini nyuma ya nyumba zao na kwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Walionekana wahuni. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana kuunda chama cha kusimamia mashindano hayo, SCTA, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama kingine cha mashindano ya magari, NHRA, moja ya shabaha zake ikiwa kuwaondoa vijana kwenye mbio za barabarani na kuwapeleka uwanjani kwenye kanuni na ukaguzi.

Na kuhusu kushusha gari, mwanangu, mdogo wako amefanya kilekile walichofanya vijana wa Kimarekani wenye asili ya Mexico, mjini Los Angeles, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walipakia mifuko ya mchanga kwenye buti gari likae chini. Wengine walikata springi. Januari 1958 sheria ya California ikapiga marufuku gari ambalo sehemu yake yoyote imeshuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga haidroliki zenye pampu za ndege kwenye gari lake, akawa analiinua akitaka na kulishusha akitaka, hivyo hakuvunja sheria na wala hakuhitaji kukata springi. Katazo lile liliendelea kuwa kwenye vitabu vya sheria mpaka lilipofutwa kuanzia 2024. Leo jumba la makumbusho la taifa la historia ya Marekani, kule Washington, limehifadhi gari la aina hiyo, Ford LTD ya mwaka 1969.

Sikuandikii haya ili uone springi zilizokatwa ni sawa. Nakuandikia kwa sababu ndani ya historia hiyo kuna jambo unaloweza kuzungumza naye akakusikiliza. Watu anaowaiga waliachana na mkato walipopata njia bora zaidi, na heshima walipewa kwa ile njia bora. Kijana anayelala chini ya gari na wenzake ana hamu ya kujua. Anayekosekana ni mtu wa kumfundisha. Ungemwuliza swali hili moja: spana alifundishwa kushika na nani? Kama jibu ni baba, basi huenda unachokiita uharibifu, kwake ni kuendelea na kile walichokuwa wakifanya wawili wale wewe ukiwa kazini. Sijui kama ni hivyo. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia, kwa mstari mmoja tu na kisha ukapita, kwamba kati ya vyote alivyobadilisha, usukani uliochubuka kwa mkono wa baba hajaugusa. Kijana anayependa mapambo huanza na usukani, maana ndio anaoushika. Tafakari kwa nini ameuacha.

Hapo ndipo napata shida na swali lako la mwisho. Umeliweka kana kwamba baba yuko upande mmoja na mdogo wako upande mwingine. Una hakika wako mbali kiasi hicho? Kuna nafasi pia kwamba aibu unayoisikia ni yako mwenyewe, mbele ya watu ambao karibuni watakuwa jamaa zako. Kama ndivyo si dhambi, ni jambo la kibinadamu kabisa, ila litahitaji mazungumzo na mtu mwingine kuliko mdogo wako.

Kuhusu yale matatu uliyoyafikiria. Kuliuza gari inawezekana, na kisheria huenda siku moja mtalazimika kukaa na mama mzimalize hizo hati kwa vyovyote. Ila ukilileta sasa, wiki chache kabla ya harusi, atalisikia kama adhabu. Na ukikumbuka hali aliyokuwa nayo baada ya msiba, jiulize atashika nini mkononi gari likiondoka. Halafu gari lenye springi zilizokatwa haliuzwi kwa mtu mwingine bila kumwambia ukweli.

Sharti la kulirudisha kama lilivyokuwa lina ugumu wake pia. Fedha hana. Na tayari ameshalitia jasho lake, hivyo “kama baba alivyoliacha” kwa masikio yake ni “kana kwamba wewe hukuwahi kuwepo”. Sharti dogo lingebebeka zaidi: egzosi, tairi, springi, alaimenti, basi. Wewe una kipato. Ungeweza kusema zawadi yako kwake ni hizo springi na tairi, na mengine hutayagusa. Hatari yake ni kwamba anaweza kuchukua zawadi hiyo na kuifuatishia mapambo mengine usiyoyapenda, na itabidi uvumilie. Hatari nyingine ni haraka. Kazi ya springi na egzosi haifanywi usiku wa kuamkia harusi, na kama haitakuwa imekwisha na kukaguliwa, basi siku hiyo gari halipandwi, hata kama moyo unataka vipi.

Uongo sikushauri, hasa kwa kuwa mchumba wako na mdogo wako watakutana siku hiyo hiyo na sentensi moja tu itaufichua. Ukishafichuka, atajua kwamba picha ile haikuchekwa na wageni peke yao.

Kuna njia ambazo hukuzitaja. Akupeleke kutoka nyumbani mpaka mahali pa sherehe, peke yenu au pamoja na mama, na msafara wa bwana harusi uanze baada ya hapo. Wapo watakaonong'ona. Au akuendeshe ndani ya gari lingine, kwa kuwa ukisikiliza alichokuambia jikoni, neno la kwanza lilikuwa “baba hayupo” na gari lilikuja mwishoni. Huenda anachoomba ni nafasi ile, na gari ndilo kitu pekee alichonacho cha kuiombea. Huenda pia nakosea, na bila gari ombi lote kwake halina maana. Hilo atakujibu yeye, ukimwuliza moja kwa moja.

Na mchumba wako, mwanangu. Yeye anaujua ulimwengu wa magari, ana fundi, ana vifaa, ana wenzake. Alinyamaza kwenye kundi, kisha akakwambia wana hoja. Ningependa umwulize hoja hiyo ni ipi hasa. Kama ni usalama, basi ana kila anachohitaji kumsaidia shemeji yake, na asubuhi moja wakiwa wawili gereji inaweza kufanya kazi ambayo wewe na mimi hatuwezi kwa maneno. Kama ni sura ya msafara, ni vizuri ukalijua hilo mapema, ukaamua mwenyewe lina uzito gani kwako. Usimpeleke kwa mdogo wako kwa kumlazimisha, kwa sababu kijana akihisi shemeji amekuja kumkagua kwa niaba ya waliomcheka, mtakuwa mmeufunga mlango.

Ningekuwa wewe ningeanza na mazungumzo mafupi, mkiwa wawili, nje, karibu na gari lenyewe. Ningemwambia kwamba ombi lake limenigusa, kwamba jibu bado ninalitafuta, na kwamba kuna jambo moja halisubiri jibu hilo: mama na kichwa changu. Kisha ningempa spana, ningemwomba anioneshe lile bomba linaishia wapi.

Niandikie mkishaliangalia.

Shangazi